Mzee aliyekatwa mguu atatembea tena? Usianze na umri wake, anza na moyo, goti na mguu uliobaki

Mkufunzi wa Hatua (mleta uzi)

Habari zenu wakuu.

Kazi yangu ni kuwafundisha kutembea watu waliokatwa miguu. Familia nyingi zinazoleta mzee huanza na swali lilelile: "Ana miaka sabini na kitu, kweli ataweza?" Nyingine haziulizi kabisa. Zimeshaamua kwamba mguu wa bandia ni wa vijana, mzee apewe kiti cha magurudumu basi. Inaniuma, kwa sababu wapo wazee wa umri huo wanaotembea vizuri, na wapo watu wa miaka hamsini ambao mguu wa bandia umeegemezwa ukutani na hawauvai. Naomba niwaeleze kinachowatofautisha, kwa kirefu kidogo.

Kwanza tujue mwili unabebeshwa kazi gani. Mtu mwenye afya njema aliyekatwa chini ya goti kwa ajali hutumia nguvu zaidi kwa karibu robo kwa kila mita anayotembea. Akikatwa juu ya goti, nyongeza inafika nusu hadi theluthi mbili. Na aliyekatwa juu ya goti kwa sababu mishipa ya damu imeziba anaweza kutumia karibu mara mbili ya mtu wa kawaida. Ndiyo maana utawaona wanatembea polepole. Si uvivu wala si woga tu. Mwili wenyewe unapunguza mwendo ili moyo na mapafu visizidiwe.

Hapo ndipo umri unapoingia. Uwezo wa moyo na mapafu hupungua kwa takriban asilimia 10 kila miaka kumi baada ya ujana, na kwa asiyejishughulisha hupungua haraka zaidi. Kijana ana akiba kubwa. Ukimwongezea mzigo bado anabaki na pumzi ya kuongea na kucheka. Mzee aliyekuwa akitembea kila siku kabla ya kuugua naye ana akiba, ndogo lakini inatosha kwenda anakotaka. Mtu wa miaka 48 mwenye moyo uliotanuka na maji miguuni anaweza asiwe nayo kabisa. Kwa hiyo ukiniuliza umri, nami nitakuuliza: kabla hajaugua alikuwa anapanda ngazi bila kupumzika katikati?

Pili, kwa nini alikatwa? Aliyekatwa kwa ajali au uvimbe mara nyingi mwili wake uliobaki ni mzima. Aliyekatwa kwa sababu ya kisukari na mishipa, ugonjwa uliokula mguu haukuondoka na mguu. Mishipa ya aina ileile iko moyoni, iko kichwani, iko kwenye figo, na iko kwenye mguu wa pili. Watu wawili wenye umri mmoja na kigutu (kipande cha mguu kinachobaki baada ya kukatwa) cha urefu mmoja wanaweza kuishia pembe mbili tofauti kabisa kwa sababu hiyo peke yake.

Tatu, goti. Naomba hili lisisitizwe kuliko yote. Goti likibaki, umeshashinda nusu ya vita. Kuna mpanda milima Mchina, Xia Boyu, ambaye miguu yake iliharibiwa na baridi kali akiwa kwenye mlima Everest mwaka 1975. Baadaye, mwaka 1996, alikatwa yote miwili chini ya magoti baada ya kupata saratani ya tezi za limfu. Mei 2018 alifika kilele cha Everest akiwa na miaka 69. Simtaji ili mzee wako apande mlima. Namtaja kwa sababu alikuwa na miaka karibu sabini na hana miguu yote miwili, lakini magoti yake yalikuwapo na moyo wake ulikuwa umezoezwa maisha yote. Kwa kawaida aliyekatwa miguu yote miwili chini ya goti hutumia nguvu kidogo kuliko aliyekatwa mguu mmoja juu ya goti. Ukilifikiria hilo utaelewa kwa nini daktari mzuri wa upasuaji hupigania goti hata kwa mgonjwa mzee, pale damu inapofika vya kutosha ili kidonda kipone.

Nne, mguu uliobaki. Kipimo ninachokiamini ni rahisi mno. Namsimamisha mtu kando ya kitanda, mikono imeshika reli, kisha namwomba alegeze kidole kimoja kimoja mpaka aache kushika. Macho yangu hayako usoni pake, yako kwenye unyayo. Vidole vya mguu vinakamata sakafu, vinaachia, vinakamata tena, kifundo kinatetemeka kulia na kushoto. Mwingine anasimama hivyo sekunde kumi, mwingine hata moja haifiki, vifundo vya mikono vinageuka vyeupe kwa kubana reli. Uwezo huo wa kusimama kwa mguu mmoja ni miongoni mwa dalili bora za nani atatembea na mguu wa bandia, na umetajwa hivyo kwenye tafiti pamoja na umri, magonjwa mengine na kumbukumbu. Tena uzuri wake ni kwamba unaweza kupimwa kabla mguu wa bandia haujatengenezwa.

Tano ni muda wa kulala kitandani, ila hili nitalieleza nikiulizwa maana nimeshaandika mengi. Karibuni.

Binti wa Kwanza

Asante sana mtaalamu. Baba yangu ana miaka 71, kisukari cha muda mrefu na presha, alikatwa chini ya goti, kidonda kimefunga vizuri. Anashinda kwenye kiti cha magurudumu. Tumemwekea mto chini ya goti ili kigutu kipumzike. Amepungua sana mapaja. Tunaambiwa asubiri mguu wa bandia. Je, kusubiri huku kuna madhara?

Mkufunzi wa Hatua

Dada, pole kwa kumuuguza mzee, na umeuliza swali ambalo ningependa kila mlezi aliulize mapema.

Huo mto utoeni leo. Unaleta raha lakini goti linazoea kukunjwa, na likikaa hivyo wiki nyingi misuli ya nyuma hufupika mpaka goti haliwezi kunyooka. Kigutu kilichokunjika hakikai sawa ndani ya soketi, yaani kikombe cha mguu wa bandia ambamo kigutu huingia. Mtu atasimama kama anayetaka kukaa, na kila hatua itamchosha mara mbili. Kiti cha magurudumu nacho hufanya hivyohivyo kwenye nyonga. Kiwekeeni ubao wa kuegemeza kigutu kikiwa kimenyooka mbele.

Mjaribuni hivi: alale chali kitandani pasipo mto chini ya mapaja, akumbatie goti la mguu mzima hadi kifuani. Mtazame upande wa pili. Paja la upande uliokatwa likibaki limelala juu ya godoro, nyonga yake iko salama. Likinyanyuka lenyewe na ukaweza kupitisha mkono chini yake, nyonga imeanza kufupika na inabidi kazi ianze mara moja. Dawa yake ni kulala kifudifudi dakika 15 hadi 20, mara mbili au tatu kwa siku. Kama moyo au kifua hakimruhusu kulala hivyo, alale kwa ubavu wa mguu mzima, kisha asukume paja la kigutu kuelekea nyuma bila kupinda kiuno.

Kuhusu mapaja kupungua, mzee akilala siku kumi tu hupoteza nyama nyingi ya miguu ambayo kijana hawezi kupoteza kwa muda huo, na kuirudisha kwake ni kazi kubwa zaidi. Kwa hiyo kusubiri kwenyewe si tatizo, tatizo ni kusubiri amekaa. Asimame kwenye kitembezi (fremu ya kushikilia wakati wa kutembea) akiwa na mtu nyuma yake. Akae na kuinuka kwenye kiti bila kuvuta kwa mikono kadiri awezavyo. Kama anaweza kuruka hatua chache kwa kitembezi bila mguu wa bandia, hiyo ni habari njema kubwa, kwa sababu kwa aliyekatwa chini ya goti kutembea hivyo kunachosha moyo kuliko kutembea na mguu wa bandia wenyewe.

Miaka Thelathini na Gongo

Mimi nilikatwa juu ya goti kwa ajali nikiwa kijana. Sasa nimevuka hamsini. Watu wanazungumza sana wazee wanaokatwa mguu, lakini sisi tuliokatwa tukiwa vijana nasi tunazeeka nao, na hakuna aliyetuandaa. Nilikuwa natembea siku nzima, leo goti la mguu mzima linavimba, mgongo unauma, na bega la upande wa gongo linakataa kunyanyuka. Daktari mmoja aliniambia ni uzee tu. Sikubaliani naye.

Mkufunzi wa Hatua

Kaka, nakuunga mkono. Uzee upo, lakini si "tu". Kwa miaka yote hiyo mguu mzima umebeba zaidi ya sehemu yake, na goti la upande huo huwahi kusagika kuliko la mtu mwenye miguu yote. Upande uliokatwa nao, mfupa wa paja hubebeshwa uzito kidogo, basi hupungua ugumu, na ukianguka upande huo unaweza kuvunjika kirahisi. Mgongo unauma kwa sababu kiuno kinainuka kila unapopitisha mguu wa bandia mbele.

Ushauri wangu: kapimwe urefu wa mguu wa bandia na hali ya soketi upya. Kigutu cha leo si kile cha miaka ile, misuli imepungua na uzito umebadilika. Soketi iliyolegea humfanya mtu akanyage kwa wasiwasi na kukimbilia mguu mzima. Halafu gongo lihamie mkono wa upande wa mguu mzima kama bado hulishiki hivyo, na usione ni kushindwa ukitumia mawili siku za safari ndefu. Bega na goti unavyovilinda leo ndivyo vitakavyokutembeza ukiwa na sabini.

Mtengeneza Soketi

Wakuu, mimi niko upande wa karakana, naongezea machache.

Mguu wa gharama kubwa hauponyi moyo dhaifu. Nimepokea watu wenye goti la bandia linaloongozwa na kompyuta wasioweza kusimama dakika tano, na wenye mguu mwepesi wa kawaida wanaotembea kijiji kizima. Kwa mzee napendelea mguu mwepesi, goti linalojifunga anapokanyaga, na namna ya kuvaa isiyohitaji ufundi. Jambo la mwisho watu hulisahau. Mwenye kisukari cha miaka mingi mara nyingi ana ganzi vidoleni na macho hafifu. Ukimpa mikanda midogo na vifungo vya kubonyeza, hatauvaa pasipo msaada, na usipovaliwa ni kama haupo.

Pia wale wanaosafishwa damu kwa sababu ya figo: kigutu huvimba kabla ya kusafishwa na kunywea baada yake. Mwambie fundi ratiba yako kabla hajachukua vipimo, na uwe na soksi za kigutu za unene tofauti. Asubuhi soketi inabana, jioni inacheza, unaongeza soksi. Ukiona kigutu kinazama mpaka ncha inagonga chini ya soketi, vua, ongeza soksi, usivumilie.

Na ngozi iangaliwe kila unapovua. Wekundu unaoondoka ndani ya dakika kumi au kumi na tano ni wa kawaida. Usioondoka ni onyo. Asiyeona vizuri atumie kioo au aangaliwe na mtu.

Mjukuu Mlezi

Samahani mtaalamu, naona kama mnawapa watu matumaini makubwa. Bibi yangu ana miaka 82, alikatwa juu ya goti, ana ugonjwa wa moyo na alishapata kiharusi kidogo upande uleule wa mguu uliobaki. Tulihangaika naye na mguu wa bandia, akawa analia kila tukimvalisha. Umri una maana jamani. Nisemwe vibaya, lakini tuliacha, sasa yuko kwenye kiti cha magurudumu na ana furaha.

Mkufunzi wa Hatua

Hakuna wa kukusema vibaya, na nashukuru umeandika maana huu upande lazima uwemo humu.

Umri una maana, sijakataa. Ukichukua watu wengi kwa pamoja, wenye umri mkubwa hutembea wachache na kwa umbali mfupi. Ninachokataa ni kumhukumu mtu mmoja kwa miaka yake bila kumpima. Bibi yako ukimpima unapata nini? Juu ya goti, moyo, na mguu wa kusimamia una udhaifu wa kiharusi. Hayo matatu kwa pamoja ni mazito kwa mtu wa umri wowote. Hata angekuwa na miaka 60 ningewaeleza familia hivyohivyo. Kwenye kiti cha magurudumu mtu husafiri kwa nguvu zinazokaribia za mtembeaji wa kawaida. Kwa bibi huyo kiti ndicho kinachomtoa nje akaonane na watu, wakati mguu wa bandia ungemfungia chumbani akihema.

Kati ya kutembea na kutotembea kuna hatua nyingi pia. Marekani wana ngazi tano za kupima uwezo, kuanzia sifuri hadi nne. Sifuri ni ambaye mguu wa bandia hautamsaidia. Moja ni wa kutembea ndani ya nyumba sakafu ikiwa sawa, au wa kuhama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti. Mbili anamudu vizingiti na ngazi chache nje. Tatu anabadilisha mwendo na kwenda popote penye shughuli zake. Nne ni wanamichezo, watoto na wenye kazi za nguvu. Familia nyingi huota ngazi ya tatu na kuidharau ya kwanza. Mzee anayeweza kusimama mwenyewe, akageuka, akakaa chooni bila kubebwa na mwanawe, amerudishiwa jambo kubwa sana. Muulizeni yeye.

Kuhusu kulia: mnaokutana na hilo, kabla ya kusema ni ukaidi, tafuteni maumivu. Kunaweza kuwa na uvimbe wa neva kwenye ncha ya kigutu, soketi inayochoma, au maumivu yanayosikika kwenye mguu ambao haupo tena. Hayo ya mwisho ni ya kweli, huwapata wengi waliokatwa, na yana tiba. Na kuna huzuni. Mtu aliyepoteza mguu anaomboleza, na mwenye huzuni nzito hafanyi mazoezi hata mwili ukiwa tayari.

Binti wa Kwanza

Nimemtoa mto mzee. Nimejaribu kile kipimo cha kukumbatia goti, paja limebaki limelala. Namshukuru Mungu. Swali langu jingine: akianza kutembea, nitajuaje kwamba moyo umezidiwa? Anatumia dawa za presha, daktari alisema mapigo yake hayapandi kama ya wengine.

Mkufunzi wa Hatua

Safi sana dada. Na hapo kwenye mapigo umegusa jambo ambalo hata baadhi ya wasimamizi wa mazoezi hulipita. Kuna dawa za presha na moyo zinazozuia mapigo kupanda. Ukimpima kwa mapigo utaona yuko sawa kumbe amechoka kabisa. Tumia maongezi: akitembea umuulize jambo linalohitaji sentensi nzima kujibu. Akijibu vizuri huku anahema kidogo, aendelee. Akijibu neno moja moja, akae. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, jasho la baridi au pumzi isiyotulia baada ya kukaa, mazoezi yanaishia hapo na daktari anajulishwa mara moja.

Sukari ipimwe kabla ya mazoezi, maana kutembea na mguu wa bandia ni kazi nzito na sukari inaweza kushuka. Mguu mzima ukaguliwe kila jioni, kati ya vidole na chini ya kisigino, na asikanyage chini bila kiatu hata ndani ya nyumba. Huo mguu sasa unabeba mzigo wa wawili na una ugonjwa uleule. Kidonda kidogo hapo ni dharura.

Anza na muda mfupi. Vipindi vitano vya dakika mbili vyenye mapumziko vina faida kuliko kimoja cha dakika kumi kinachomwacha hoi kesho yake asiguse mguu.

Ndugu Mkimya

Mzee wetu anatembea ndani, lakini ameanguka na sasa anaogopa. Hataki hata kusimama.

Mkufunzi wa Hatua

Zaidi ya nusu ya waliokatwa miguu wanaoishi nyumbani huanguka angalau mara moja kwa mwaka, kwa hiyo hayuko peke yake. Hofu yenyewe ndiyo ya kuogopwa, kwa sababu inamkalisha, kukaa kunapunguza misuli, na misuli ikipungua kuanguka kunakaribia. Mpimeni hivi: akiwa amekaa kwenye kiti na mguu wake wa bandia, ainuke, aende mita 3, ageuke, arudi akae. Akichukua sekunde 19 au zaidi, yumo kwenye kundi linaloanguka mara kwa mara na anahitaji mazoezi ya mizani, yaani ya kusimama bila kuyumba, kabla ya kuongeza umbali.

Mfundisheni pia namna ya kuinuka kutoka sakafuni, kwa kujivuta hadi kwenye kiti imara, kukanyaga sakafu kwa mguu mzima kisha kusukuma kwa mikono. Nimeona wengi hofu ikipungua siku wanapojua kuinuka, kabla hata mizani haijaimarika. Usiku auvae mguu au atumie kiti kwenda chooni; wengi huanguka saa hizo kwa kusahau kwamba mguu haupo, wanaukanyagia hewani.

Je, alipoanguka alikuwa anageuka, anainuka, au mguu ulijikwaa mbele? Na soketi ilikuwa imekaza au inacheza? Nijibu hayo mawili ndipo tujue pa kuanzia.

Ndugu Mkimya

Alikuwa anageuka kuelekea upande wa mguu wa bandia. Soketi inacheza, anaweza kuingiza kidole.

Mtengeneza Soketi

Ndugu, soksi ya kigutu moja au mbili zaidi leo, na wiki hii apelekwe kwa fundi wake. Asianze mazoezi ya kugeuka kabla soketi haijakaa sawa. Kwa sasa ageukie upande wa mguu mzima, kwa hatua ndogo ndogo.